Shajara ya mradi: vibao vya akriliki vya njia ya maji, herufi kwa nyuma

Vibao 24 vya mradi wa maji ya mserereko, Rungwe, kati ya Isongole na Tukuyu. Vinaonyesha vali za hewa, vali za kusafishia bomba (mafundi wanaita woshauti), matangi ya kupunguza presha na vilula. Vibao vya zamani vilikuwa vya bati lililoandikwa kwa brashi. Vingi viling'olewa vikaishia kwenye mizani ya chuma chakavu, na vilivyosalia kutu ilianzia kwenye matundu ya misumari ikatambaa hadi kwenye maandishi. Plastiki haina mnunuzi wa chakavu huku kwetu, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuitumia.

6 Mei 2025: kuchagua plastiki

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Herufi hazikai usoni mwa kibao, zinakaa nyuma ya plastiki angavu zikiwa zimegeuzwa, na msomaji anazisoma kupitia plastiki yenyewe. Mvua, kucha za watoto na kitambaa cha kufutia vumbi vyote vinaishia kwenye plastiki.

Kwa wauza vioo na aluminiamu wa Mwanjelwa, jijini Mbeya, utakuta shiti angavu za aina zaidi ya moja, na zote zinaweza kuitwa "kioo cha plastiki". Tofauti ni kubwa:

Akriliki (wengine wanaiita perspeksi) ni ngumu na angavu, inavumilia jua miaka mingi bila kugeuka njano, ila ukiipiga kwa nguvu inavunjika. Polikaboneti inapinda bila kuvunjika, jiwe halifui dafu kwake, lakini isiyo na tabaka la kuzuia mionzi hugeuka njano na inachubuka upesi. Pia hubeba unyevu ndani yake. Jua likipiga, unyevu huo unatoka na kuinua stika kwa vipovu. Polistirini ni rahisi kwa bei, na ndiyo ya kukwepa kabisa kwa kazi ya nje.

Kama muuzaji hana uhakika, omba kipande cha taka ukichome nje penye upepo. Akriliki inaungua kwa mwali mtulivu wenye moshi kidogo na harufu tamu. Polistirini inatoa moshi mweusi wenye masizi yanayoelea. Polikaboneti inawaka kwa shida na kuzimika yenyewe ukiondoa kiberiti.

Tumechukua akriliki ya mm 3, shiti moja ya futi 4 kwa 8 (mm 1,220 × 2,440), Sh 165,000. Ikikatwa vipande vya mm 600 × 200 inatoa 24 kamili, na kila kimoja kina uzito wa gramu 430 hivi. Vipande vya mabaki vya majaribio tulinunua palepale kwa Sh 15,000. Hivi visikosekane. Karibu kila kitu kilichoharibika katika mradi huu kiliharibikia kwenye mabaki, siyo kwenye shiti.

Ukubwa wa herufi: kanuni ya mafundi wa mabango ni mm 25 za kimo kwa kila mita 7 hadi 8 za umbali wa kusoma kwa raha. Mtu anayepita njiani anasoma vali akiwa mita 15, kwa hiyo jina la vali limepewa mm 50 na maelezo ya chini mm 25.

17 Mei: kuhamisha herufi, njia nne

*Herufi za kusugua.* Ni zile karatasi zenye herufi zinazohama ukizisugua kwa ncha ya kalamu, zilizoenea ofisini tangu miaka ya 1960 kupitia kampuni ya Uingereza iitwayo Letraset. Herufi hutoka safi kabisa, zina kingo kali kuliko brashi yoyote. Tatizo ni kwamba zimetengenezwa zisomeke upande wa juu. Ukizisugua nyuma ya plastiki, mbele zinatokea zimegeuka. Ukizisugua usoni ukapiga vanishi juu yake, umerudi kwenye kibao kinachochubuka. Zinafaa kwa namna moja tu: zisugue kwenye kipande kilichokwisha kupakwa rangi, kisha funika kwa plastiki angavu juu na uzibe kingo zote. Kwa lebo ndogo za ndani ya chemba ni sawa. Kwa kibao cha nje, vipande viwili vilivyobanana hunasa maji katikati. Tukaacha.

*Tona (unga wa printa ya leza) kwa pasi.* Unachapa kwa printa ya leza juu ya karatasi laini ya mgongo wa stika, maandishi yakiwa yamegeuzwa, kisha unapiga pasi. Kwenye chuma inafanya kazi. Akriliki inaanza kulainika ikifika nyuzi 100 hivi, na tona inataka joto zaidi ya hapo ili ishike. Kipande kilipinda kabla herufi hazijahama.

*Tona kwa seloteipu pana.* Chapa maandishi yaliyogeuzwa kwa leza (wino wa maji hautoki salama hapa), bandika seloteipu angavu juu, sugua vizuri, loweka kwenye maji, kisha sugua karatasi kwa kidole mpaka ilainike na kutoka. Tona inabaki kwenye gundi, na unaibandika nyuma ya plastiki. Ikiwa bado na maji inaonekana imefanikiwa mno. Ikikauka, nyuzi za karatasi zilizobaki kwenye gundi zinaonekana kama ukungu mweupe kuzunguka kila herufi, na gundi yenyewe imekwisha nguvu. Tena rangi haishiki kwenye mgongo wa seloteipu. Kwa ubao wa matangazo wa ofisini itapita. Nje, hapana.

*Stika ya kukatwa kwa mashine.* Hii ndiyo iliyobaki, na ina namna mbili. Ya kwanza ni kubandika herufi zenyewe nyuma ya plastiki na kupaka rangi juu yake. Ni ya haraka, lakini stika hupungua kidogo kwa miaka, na rangi iliyo juu yake inakatika pale kwenye ukingo wa herufi. Ya pili ni kinyume chake: herufi zinatolewa, mazingira yake yanabaki, unapaka rangi ndani ya matundu na kubandua stika yote. Mwishoni kwenye plastiki inabaki rangi tupu. Tumechagua hii ya pili.

Maagizo kwa fundi wa stika yaandike, usiyaseme kwa mdomo: maandishi yageuzwe kushoto kwenda kulia; toa herufi, bakiza mazingira; vitovu (vipande vya katikati) vya A, B, D, O, P, R, 4, 6, 8, 9 na 0 vibaki mahali pake; weka juu tepu ya kuhamishia, ile inayobeba stika mpaka kwenye plastiki. Vitovu ndivyo vinavyosahaulika. Fundi amezoea kung'oa kila kilicho ndani ya herufi, na O isiyo na kitovu ni duara tu.

Kagua kabla hujalipa. Herufi A, H, I, M, O, T, U, V, W, X na Y zinafanana zikigeuzwa au zisipogeuzwa, kwa hiyo ukikagua kwa neno kama MTO kila herufi inaonekana sahihi na unabaki na mpangilio tu wa kukushtua. Kagua kwa N, S, Z, J na namba 2, 4, 7. N na S ndizo hatari zaidi: zikiwa kinyume, jicho la haraka linaziruhusu zipite.

Gharama: mita 5.5 za stika, kukata na tepu ya kuhamishia, Sh 8,000 kwa mita, jumla Sh 44,000.

31 Mei: kukata na kutoboa

Kukata hakuna siri. Karatasi ya kinga ibaki pande zote mbili, chora mstari kwa kisu cha ndoano kwa kuurudia mara nane hadi kumi ukifuata rula ya chuma, weka mstari ukingoni mwa meza, bonyeza. Lainisha kingo kwa msasa namba 240 kisha 400. Usiruke msasa, kwa sababu mkwaruzo mdogo ukingoni ndipo ufa unapoanzia.

Kutoboa ndiko kulikovunja mabaki mengi. Biti ya kawaida ya chuma ina makali yanayojichimbia. Inapotokea upande wa pili inaikamata akriliki na kuipasua. Dawa yake: sugua makali ya biti kidogo kwa jiwe la kunolea mpaka yawe bapa, ili ikwangue badala ya kuchimba. Weka ubao mgumu chini, bana kipande na ubao kwa pamoja, drili iende polepole, dondoshea maji. Ukiona utepe unatoka umeyeyuka na kugandamana, mwendo ni mkubwa. Utepe mzuri unatoka bila kuyeyuka.

Tundu la mm 8 kwa boliti ya mm 6, na katikati ya tundu iwe mm 30 kutoka kila ukingo. Upana huo wa tundu ni wa lazima. Mita moja ya akriliki hurefuka karibu mm 0.7 kwa kila nyuzi 10 za joto. Rungwe asubuhi ya Julai na jua la mchana juu ya rangi ya bluu ya kibao vinaweza kutofautiana nyuzi 40, na kati ya matundu yaliyoachana mm 540 hiyo ni mm 1.5. Boliti iliyobana tundu kamili haitoi nafasi hiyo, na kibao kitajipasua chenyewe.

Toboa *kabla* ya kupaka rangi. Rangi iliyotobolewa inameguka ukingoni mwa tundu, na hapo maji yameshapata mlango.

Jambo la kupigia mstari: usifute akriliki kwa tina wala spiriti, hasa baada ya kutoboa. Kuzunguka tundu plastiki ina mkazo uliojificha, na kimiminika hicho kinaufungua. Kipande cha mabaki kilichofutwa kwa tina kilitoa nyufa nyembamba kama nywele kuzunguka matundu yote manne, nyingine zikionekana tu ukikiinamisha kwenye mwanga. Maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, basi.

14 Juni: stika na rangi nyeupe

Baridi ilichelewesha kazi. Stika nyingi zinataka angalau nyuzi 10 ndipo gundi ishike. Saa 2 asubuhi chini ya bati, plastiki ilikuwa ya baridi kiasi kwamba vitovu vya herufi vilibaki kwenye tepu badala ya kwenye plastiki. Kazi ya kubandika ikahamishiwa kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri, vipande vikianikwa kwanza juani dakika chache.

Ukibandua karatasi ya kinga, plastiki inavuta vumbi kutoka kila upande, na kiangazi hali ni mbaya zaidi. Nyunyizia sakafu maji, futa kwa kitambaa chenye unyevu, bandika papo hapo. Sugua kwa kadi ngumu ya plastiki kutoka katikati kwenda pembeni, kisha vuta tepu ya kuhamishia polepole ikiwa imelala, siyo ikiwa imesimama.

Sasa rangi. Mafundi rangi wamezoea kuanza na mandhari na kumalizia na maandishi. Hapa mpangilio umegeuka: kinachopakwa kwanza ndicho kitakachoonekana mbele. Nyeupe ya herufi inatangulia, bluu inafuata.

Tumetumia rangi ya mafuta ya kawaida, ikidonolewa kwa sponji karibu kavu. Brashi yenye rangi nyingi inaisukuma chini ya stika na herufi zinaota ndevu. Koti mbili. Koti moja ya nyeupe inaonekana inatosha mpaka uweke bluu nyuma yake, hapo herufi zinageuka rangi ya maji ya nili.

Wakati wa kubandua stika ni mwembamba. Rangi isishike kidole, lakini kucha iwe bado inaacha alama. Ukiwahi, inavutika nyuzi. Ukichelewa mpaka ikakauka kabisa, inameguka ukingoni na herufi inatoka na meno. Gundi iliyobaki iondoe kwa kuidonoa na kipande cha seloteipu, usitafute kiyeyusho.

Nyeupe robo lita, Sh 5,000.

28 Juni: bluu na nyeusi

Kipande kimoja cha mabaki kilipewa bluu siku iliyofuata nyeupe. Nyeupe ilijikunja yote, kwa sababu kiyeyusho cha rangi mpya kililainisha ya chini ambayo ilikuwa imekauka juu tu. Kwa baridi ya Juni, mpe nyeupe siku tatu au nne kamili ndani ya chumba chenye hewa.

Bluu koti mbili, kisha nyeusi koti moja nyuma ya yote. Nyeusi ina kazi yake: kibao kilicho juu ya nguzo kinapigwa jua kwa nyuma, na kila kitundu cha sindano kwenye bluu kinawaka kama nyota. Kiinue kuelekea jua kabla ya nyeusi, weka alama penye mwanga, ziba.

Bluu lita 1 Sh 14,000, nyeusi nusu lita Sh 8,000. Bluu ilibaki zaidi ya nusu.

Kuhusu nyekundu: mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji aliomba USIFUNGUE iwe nyekundu. Nyekundu za bei ya kawaida ndizo zinazotangulia kupauka juani, na akriliki haizuii mionzi yote. Imebaki nyeupe, herufi kubwa.

12 Julai: kufunga

Vibao vya chemba na matangi vimefungwa kwenye kuta za zege. Vya vilula na vya njiani viko kwenye nguzo za mti uliotibiwa, ambazo ukanda huu hazina shida kuzipata. Mafinga na Njombe zinatoka nyingi. Kila boliti ina vipande vya tyubu ya pikipiki mbele na nyuma, na nyuma imeachwa nafasi ya mm 5 ili maji yapite. Kaza kwa mkono mpaka mpira uanze kutoka nje kidogo, kisha rudisha robo mzunguko. Silikoni imepitishwa kuzunguka kingo za nyuma.

Boliti 96 zisizoshika kutu, Sh 600 kila moja, Sh 57,600. Zile za kawaida ni karibu theluthi ya bei hiyo, na kwa mvua za Tukuyu ni hasara tupu. Silikoni Sh 9,000.

Jumla bila nguzo, nauli na mabaki ya majaribio: Sh 302,600, yaani Sh 12,600 hivi kwa kibao.

22 Novemba: baada ya moto na mvua za kwanza

Uso wa vibao vyote ni safi, maandishi hayajaguswa. Matatizo yako pengine kabisa.

Kwanza, rangi inaachana na plastiki kuzunguka matundu. Kwenye vibao vinavyoelekea upande mvua inakotokea kuna duara la kijivu kila kona, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Kingo za chini nazo zimeanza. Rangi ilipakwa mpaka ukingoni, na silikoni ikakaa juu ya rangi. Silikoni haijaachia hata kidogo. Kilichoachia ni rangi iliyo chini yake, maji yakipenya katikati ya rangi na plastiki.

Marekebisho: kwangua rangi mm 6 kuzunguka kila tundu na kila ukingo kwa kipande cha akriliki chenye makali (chuma kinachora plastiki), osha kwa sabuni, kausha siku nzima, kisha paka silikoni ianzie kwenye plastiki tupu na kupanda juu ya rangi mm 6 nyingine. Ukingo wa rangi unazikwa ndani ya silikoni. Kwa atakayeanza upya, weka tepu ya karatasi ya mm 6 pembeni na duara kuzunguka matundu kabla ya koti la kwanza la bluu, na kazi hii yote ya kukwangua haitakuwepo. Mbele inaonekana fremu angavu nyembamba, si mbaya hata kidogo.

Pili, silikoni. Ile inayonuka siki ikikauka inatoa asidi. Vibao vya vilula vilivyowekewa bati la mgongo vimeota unga mweupe mahali silikoni ilipogusa zinki. Tumia isiyonuka siki, imeandikwa nyutro kwenye mkebe. Ni Sh 14,000 badala ya 9,000.

Tatu, kibao cha woshauti kilicho ukingoni mwa shamba la viazi kimejikunja kwa moto wa kusafishia shamba. Hakikuungua, kimelainika na kuinama. Kitatengenezwa kingine. Nyasi zifyekwe mita 2 kuzunguka kila nguzo kabla ya Agosti, na kibao kisishuke chini ya mita 1.2.

Michubuko ya mawe kwenye vilula viwili: ile hafifu imetoka kwa dawa ya meno na kitambaa, dakika kumi za kusugua. Ile inayoshika ukucha imebaki.

14 Februari 2026: hali ya sasa

Vibao vilivyokwanguliwa na kuzibwa upya havina duara jipya baada ya miezi ya mvua kubwa. Viwili vilivyoachwa makusudi bila marekebisho, kwa kulinganisha, vimefika sentimita 4 za rangi iliyoachia, na herufi ya mwisho ya HEWA kwenye kimojawapo imeanza kuliwa.

Namba ya vali moja imebadilika kutoka 9 kuwa 11 baada ya tawi jipya la bomba. Kufuta rangi nyuma na kupaka upya hakufai, kwani kiungo cha rangi ya zamani na mpya kinaonekana mbele. Njia iliyotumika ni kipande cha akriliki cha mm 100 × 100 chenye namba mpya, kimetengenezwa vilevile na kufungwa juu ya namba ya zamani kwa boliti mbili. Matundu yake yalitobolewa kwenye kibao kikiwa kimepakwa rangi tayari, kwa hiyo yalikwanguliwa mm 6 na kuzibwa kwa silikoni nyutro palepale.

Kilichobaki: kibao cha woshauti badala ya kile kilichojikunja, na vilula vitatu vya kijiji cha chini ambavyo bomba lake linalazwa Machi. Faili la stika liko kwa fundi na nakala iko ofisini kwa jumuiya, maandishi yakiwa yameshageuzwa. Jina la faili limeandikwa LIMEGEUZWA, ili asije mtu akaligeuza tena.